Nahodha Aliyeonekana Mara Mbili

Siku tuliyoambiwa kwamba mume wetu amekuwa wawili, Salha alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi niliuliza yupi ni wangu.

Tulikuwa katika ukumbi wa chakula, wali ungali unafuka mvuke, na Dakta Kokushubira amesimama mbele yetu ameshika kawa la kufunikia chakula. Kawa lenyewe langu mimi, nimelisuka kwa mkono wangu nyumbani Wete, na nililibeba mpaka hapa kituoni, mbali kupita Zohali, nikaacha nguo za sikukuu ili lipate nafasi kwenye mzigo. Yeye alilinyakua juu ya sahani bila hata kuomba. Ndivyo alivyo. Akishaanza kufundisha haoni mali ya mtu.

"Hebu tazameni," akasema. "Hili ni duara lililopunguzwa kipande. Chukua chapati, kata pembe moja uile, halafu vuta kingo mbili zilizobaki uzikutanishe. Chapati itasimama hivi, imechongoka. Popote utakapoigusa ni chapati ile ile, bapa, haina kasoro. Kasoro iko pale kwenye ncha tu."

"Na huo Uzi ndio ncha," nikasema. Mimi ni mhandisi wa mitambo ya hewa, si mtu wa kuelezwa kwa chapati.

"Ndio huo. Kovu lililobaki ulimwengu ulipokuwa unapoa. Mwembamba kuliko kitu chochote unachoweza kukifikiria, na mrefu hata hatujauona mwisho wake. Hauvuti kitu. Ukipita jirani nao husikii chochote. Lakini anga inayouzunguka imepungua kipande, kama chapati yetu. Sasa chombo chetu Kipanga kimeingia nyuma yake. Mwanga wake unatujia kwa kushoto, unatujia na kwa kulia, na njia zote mbili zimenyooka. Kwa hiyo tunakiona mara mbili."

Akawasha ukuta. Taa mbili ndogo zilikuwa zimekaa kandokando gizani, sawasawa kama macho ya paka. Ndani ya kila moja alikuwamo Nahodha Shaame, mume wangu tangu nikiwa msichana, na mume wa Salha tangu juzi juzi tu, alipochoka kula raha na mke mmoja.

Nieleze kidogo habari ya ofisi ya ustawi, maana msiba wote ulianzia huko. Mtambo wao wa usajili ulikubali kila nahodha awe na mke mmoja. Mke ndiye aliyepewa sanduku la sauti, la kupokelea maneno ya mumewe akiwa safarini. Tangu tufike, Salha alikuwa amesajiliwa kama mgeni wa muda, na kila mwezi alikwenda kulia pale ofisini, nami kila mwezi nilikwenda nyuma yake kuhakikisha machozi yake hayafui dafu. Sasa Kipanga kilipoonekana mara mbili, mtambo ule ukahesabu vyombo viwili. Vyombo viwili, manahodha wawili. Yule bwana wa ofisi, aliyekuwa ametuchoka sisi sote, aliruka kwa furaha. Mimi akaniandika mke wa nahodha wa kushoto, sauti yangu ije kwa dishi la kushoto. Salha akawa mke wa nahodha wa kulia, na dishi lake la kulia.

Hakuna aliyemuuliza Dakta. Mambo ya wake za watu hayakuwa kazi yake. Nami nilitoka pale ofisini nikitembea kwa maringo, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu niletewe mke mwenza nilikuwa na mume wangu peke yangu.

*

Shaame ni mtu wa zamu. Akinunua kanga mbili, lau angeweza angezihesabu nyuzi. Usiku wa Mize ni wa Mize na usiku wa Salha ni wa Salha, na akiumwa kichwa kwenye zamu yangu hakuna kufidiwa kutoka zamu ya mwenzangu. Alipokuwa anaondoka kwenda kutega vipimo nyuma ya Uzi alitukalisha pamoja akasema, "Redio ya familia inatoa mara moja tu kwa siku. Siku ya Mize nitasema na Mize. Siku ya Salha nitasema na Salha. Mungu shahidi yangu, sitamwibia mtu."

Siku yangu ya kwanza sanduku likawaka, nikabonyeza kidole gumba, nikamsikia. "Assalaam alaikum, mke wangu." Jina hakulitaja, na sikutegemea alitaje. Wanaume wa kwao hawatamki jina la mke palipo na masikio ya watu, na hewani masikio hayakosekani. Alinieleza juu ya chakula cha makopo, juu ya vijana wake wawili wa mitambo wanaokoroma, na jinsi anavyoona nyota zimejipanga ovyo huko nyuma. Nikalala vizuri.

Siku ya pili ilikuwa ya Salha. Nilikuwa nachana nywele, sina hili wala lile, sanduku langu likawaka.

Nikabonyeza. "Assalaam alaikum, mke wangu. Leo nimekuota." Nikalizima mara moja, nikaenda kufunga mlango, nikarudi nikalisikiliza chini ya shuka kama mwizi. Shaame wa zamu, Shaame wa mizani, ameiba siku ya bi mdogo akanipa mimi! Nililia kwa furaha, na siioni aibu kulisema. Tangu alete mke wa pili nilikuwa nasubiri hiki tu, dalili ndogo kwamba mizani ile imeinama upande wangu hata kidogo.

Na haikuwa mara moja. Kila siku ya Salha, sanduku langu liliwaka. Nikajua maskini yule hapati kitu, au anapata salamu za makopo, na matamu yote yanakuja kwangu. Sikumwambia mtu. Mume asiyefanya uadilifu baina ya wake zake ana dhambi, na Shaame ndiye aliyekuwa akitusalisha Ijumaa pale kituoni. Ningelisema, ningemvunjia heshima, na yeye angeacha. Kwa hiyo nikanyamaza, nikanenepa.

Mengine aliyoyasema hayakunikaa sawa, nami nikayakalisha. Siku moja alisema, "Bado unaimba? Usiache, nikirudi nataka nikukute unaimba." Mimi sijaimba tangu nizaliwe, sauti yangu ni ya mlango uliokosa mafuta. Nikaona ananitania, kisha nikaona labda ana hamu, na kuanzia siku hiyo nikawa navuma vuma katikati ya mabomba ya hewa ili nisimfanye mwongo. Siku nyingine aliuliza, "Goti linaendeleaje?" Hapo ndipo nilipoyeyuka. Goti langu la kushoto limeharibika toka nilipojifungua mtoto wa mwisho, na hakuna mtu mwingine duniani anayelikumbuka.

Mezani nilimtazama Salha kwa huruma. Alikuwa ameanza kufunga bendeji gotini, sijui alijikwaa wapi, muuguzi mzima hajui kutembea. Nilimwongezea mchuzi. Naye alinitazama kwa upole fulani ambao sikuupenda, na akanisukumia ndimu.

*

Kisha Dakta Kokushubira alituita chumba cha njia, panapoelekezwa vyombo, asubuhi, wote wawili, na hakuwa na kawa mkononi.

"Kipanga kimegongwa na mchanga," akasema. "Kwa neno lao la mwisho, wako salama wote watatu. Lakini redio kubwa imekufa na kamera za nyota zimekufa. Wanatusikia, hawawezi kutujibu, na hawajui walipo."

"Si mnawaona?" Salha akauliza. "Si hao hapo, wawili?"

"Naziona taa mbili, mama, nazo zimekaa karibu mno na Uzi hata darubini haiwezi kuniambia chombo chenyewe kiko upande gani. Na kinarudi. Kinakuja moja kwa moja."

"Kikiugonga utakikata?" nikauliza.

"Afadhali ungekata." Alinyanyua viganja vyake viwili vikitazamana. "Uzi utapita katikati ya chombo na hautakwaruza hata rangi. Hakuna atakayehisi chochote. Ila hii nusu ya kushoto na hii ya kulia, zilizokuwa zinakwenda sambamba, zikishapita huku na huku zitakuwa zinaelekeana. Hakuna kilichozisukuma. Kipande cha anga kilichokuwa kinazitenga ndicho hakipo." Akapiga viganja kama mtu anayeua mbu. "Kwa mwendo walio nao."

Salha akaziba mdomo. Mimi niliviona viganja vile, na mpaka leo naviona.

Akatueleza anachotaka. Chombo kikiwa nyuma ya Uzi, kila neno linalotoka humo linatufikia mara mbili, kwa kushoto na kwa kulia, na neno moja hutangulia kidogo. Linalotangulia ndilo lililopita njia fupi. Akijua lipi limetangulia na kwa kiasi gani, atajua chombo kiko upande gani na umbali gani, na akiwa na siku kadhaa mfululizo atajua kinaelekea wapi. Redio kubwa haikuwa imetumika tangu chombo kiingie nyuma, ila kwa neno lile la mwisho, lililonaswa kwa dishi moja tu. Kilichosema kila siku ni ile ndogo ya familia tu. Nayo haingesema tena mpaka saa yake ya jioni, na hapo tungekuwa tumechelewa.

"Masanduku yenu hayakuandika saa ya kufika," akasema. "Yamehifadhi sauti, na chini ya sauti unasikika mdundo wa saa ya kituo. Kwa hiyo ni lazima nisikilize. Na sheria hainiruhusu kufungua, wala kujua zimo ngapi. Fungueni nyinyi."

Nilibonyeza kidole gumba nikatoa za siku zangu. Nikaacha zile nyingine zimelala. Salha naye akabonyeza, akatoa za siku zake. Dakta akazipanga mezani, akavaa visikilizio, akasikiliza kidogo kidogo, na uso wake ukaanza kukunjamana.

"Sielewi. Siku hii ipo kushoto, kulia haipo. Siku ya pili ipo kulia, kushoto haipo. Siku ya tatu kushoto tena. Chombo si panzi, hakiruki hivi. Kila siku ilitakiwa iwepo pande zote mbili." Akatuangalia. "Hamna nyingine?"

"Hamna," nikasema.

"Ndizo hizo," Salha akasema.

"Jamani, mnanificha kitu?"

"Tukufiche cha nini, Dakta?" nikamjia juu. "Mume wangu yumo mle!"

"Mume wetu," Salha akasema, polepole, akitazama sakafu.

Dakta alivua visikilizio. Alisema mafuta ya Kipanga yanatosha msukumo mmoja tu, na amri lazima iondoke kabla ya adhuhuri. Kushoto au kulia. Bila jozi hata moja ya sauti itabidi abahatishe, na akibahatisha vibaya atakuwa amewasukumia ndani ya Uzi kwa mkono wake mwenyewe. Aliyasema haya kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mgonjwa. Kisha akatuambia tutoke tukafikirie, naye akarudi kwenye hesabu zake.

*

Nilikwenda kwenye mabomba yangu. Hapo ndipo mahali ninapofikiri vizuri, kelele ni nyingi na hakuna anayekuja.

Nilijua kabisa. Mtu asije akasema Mize hakuelewa. Kushoto nilikuwa na siku zote, na Salha alikuwa na zake za kulia. Nikitoa zile za siku zake, huenda jozi zikapatikana. Ingenigharimu kusema sentensi moja tu: Shaame alikuwa ananiletea mimi hata siku za mwenzangu. Basi.

Lakini sentensi ile ilikuwa na meno. Ingemwita Shaame dhalimu mbele ya kituo kizima. Ingempasua Salha, na huyo Salha, namchukia lakini si mtu mbaya. Amenikanda goti hili mara ngapi bila kuombwa. Na Shaame akirudi salama, atarudi kwa aibu, atatubu, na atarekebisha mizani yake mpaka kwenye unywele. Hatanipa tena hata dakika isiyo yangu. Nitakuwa nimemwokoa ili anigawe upya.

Na chini ya hayo kulikuwa na jingine, nalo nitalisema kwa sababu lilikuwamo. Nilifikiri: akifa leo, atakufa akiwa wangu zaidi. Sauti zile zitabaki kwangu. Salha atalia eda yake kwa mume wa salamu za makopo, na mimi nitalia kwa yule aliyeniota. Fikra hiyo ilikuja ikakaa kabisa, kama mgeni anayejua nyumba. Niliitazama. Ilikuwa tamu. Sikuifukuza upesi kama nilivyopaswa.

Nikakumbuka vijana wake wawili wanaokoroma. Wana mama zao. Mimi ningeweza kuzaa mmoja wao.

Nikaondoka mbio, goti likilalamika, na nilipofika mlango wa chumba cha njia nikamkuta Salha amesimama pale. Mkono wake ulikuwa juu, kama anayetaka kugonga, na macho yamevimba.

"Wafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Na weye?"

Nikashusha pumzi. Nikajitengeneza uso wa huruma, na nisiwe mnafiki, chini ya uso ule kulikuwa na sherehe ndogo. "Salha, mdogo wangu, nisamehe. Nina neno la kumwambia Dakta, na litakuumiza. Nilitamani nisilitoe."

"Da Mize, hata miye nina neno. Na miye ndiye nilokuwa naona haya kukuumiza weye."

"Ngoja nianze miye, ni mkubwa. Bwana amekuwa akiniletea hata siku zako. Zote. Kila siku, tangu alipoingia nyuma ya Uzi."

Nilisubiri machozi. Hayakuja. Salha alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni.

"Siku zangu?" akasema. "Mbona miye naletewa hata siku zako?"

"Mwongo we!"

"Wallahi! Siku zako zote. Nilificha kwa ajili yako, nilikuwa nakuonea huruma. Mchuzi wote ule ulokuwa ukinipa, nilikuwa nala kwa aibu!"

Tulisimama pale tukiangaliana. Nadhani mimi nilielewa kwanza, kwa sababu mimi ni mhandisi, na kwa sababu tangu siku ile ya kawa ningeweza kuelewa kama ningetaka. Sikutaka. Nilimsukuma Salha mlangoni nikaingia nyuma yake, tukabonyeza vidole gumba kwenye masanduku yetu, na kila kitu tulichokuwa tumekificha kikamwagika mezani kwa Dakta.

*

Dakta hakuuliza swali. Aliziunganisha mbili mbili, za kushoto na za kulia, akazifungulia kwenye spika kwa sababu hakuwa na muda wa heshima.

Shaame akasema, kisha Shaame akasema tena juu ya maneno yake mwenyewe, mmoja akimfuata mwenzake kwa karibu kama watu wawili wanaoitikia dua. "Assalaam alaikum, mke wangu. Leo nimekuota." Ilikuwa siku ya Salha. Salha ndiye aliyeotwa. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa Uzi nikipokea kilichopita.

"Goti linaendeleaje?" wakauliza Shaame wawili. Hiyo ilikuwa siku yangu. Niliinua kichwa. Salha alikuwa ameinama, anafungua bendeji yake taratibu, kisha akaikunja akaiweka mfukoni.

"Niliteleza kwenye ngazi," akasema bila kumwambia mtu. "Nikasema, huyu kajuaje? Nikaona mapenzi yamemwonyesha."

"Bado unaimba?" wakauliza Shaame wawili, na safari hii ni mimi niliyetazama pembeni. Salha anaimba. Kituo kizima kinajua kwamba Salha anaimba.

Hakuwa ameiba siku ya mtu. Kila siku alisema mara moja na mke mwenye zamu, sawasawa na alivyoapa, na anga iliyopungua kipande ikatugawia wote wawili. Mume wangu alikuwa mwadilifu mpaka nyuma ya kovu la ulimwengu. Nilitaka awe na dhambi kwa ajili yangu, dhambi moja tu, na hakuwa nayo. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Shaame pale, kwa uadilifu wake.

"Nimepata," Dakta akasema. Kalamu yake ilikuwa haitulii. "Ya kulia inatangulia. Kila siku inatangulia kidogo zaidi ya hapo jana yake... hapana, kidogo pungufu. Inapungua. Wako upande wa kulia, lakini wanateleza kuja katikati. Wakiachwa hivi wanaingia ndani ya Uzi." Akavuta kipaza sauti. "Wasukumwe kulia."

Taa ya kushoto ilikuwa ukutani, ile yangu. Nilikuwa nimezoea kuitazama kila nikipita.

"Wakipita kulia," nikasema, "hizi taa zitakuwaje?"

"Kipanga kitatoka nyuma ya Uzi. Itabaki ya kulia. Ya kushoto itasogea kwenye Uzi na kuzimika."

"Na dishi la kushoto?"

"Halitasikia kitu tena."

Nikajisikia nikiuliza, kwa sauti yangu hii hii, "Kushoto haiwezekani?"

Dakta alinitazama, na Salha akanitazama. Kuwapeleka kushoto maana yake ni kuwavusha katikati, mbele ya Uzi wenyewe, kwa mafuta ambayo hawakuwa nayo. Mtoto wa darasa la tatu angelijua hilo kutoka kwenye karatasi ya Dakta. Nami nililijua, na bado niliuliza.

"Mama Mize," Dakta akasema taratibu, "unataka niwasukume wapi?"

"Kulia," nikasema. "Wasukume kulia, Dakta. Upesi."

Aliisema amri ile mara tatu kwenye kipaza sauti, kwa utulivu, kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni. Salha alinishika mkono. Nilimwachia aushike, ingawa kiganja chake kilikuwa na jasho na cha kwangu pia.

*

Tulikaa pale mpaka jioni. Kulikuwa hakuna cha kufanya ila kutazama taa mbili. Mtu alileta chai, sikumbuki nani. Kwa muda mrefu hazikusogea, na Dakta alikuwa akisema ndivyo inavyotakiwa, kisha akawa hasemi. Salha alisoma kila anachokijua. Mimi nilikuwa na dua moja, nikairudia mpaka ikapoteza maana.

Kisha taa ya kushoto ikaanza kusogea. Ilikwenda polepole ikielekea pale katikati ambapo hapakuwa na kitu cha kuona, na ilipofika ikapungua, ikawa chembe, ikazimika. Haikufifia sana kabla ya kuzimika. Ilikuwepo, haipo.

"Wametoka," Dakta akasema. "Wametoka! Wako wazi!" Akaruka kutoka kwenye kiti, mwanamke mzima na shahada zake, akatukumbatia wote wawili kwa mpigo. Salha akapiga kigelegele. Mimi nikapiga chafya, nikalia, nikacheka, vyote kwa pamoja, na nilimshukuru Mungu kwa moyo wangu wote. Hilo ni kweli. Shaame alikuwa hai, na vijana wake walikuwa hai, na hakuna kitu nilichokitaka zaidi ya hicho kwa dakika kama moja.

Ukutani ilibaki taa moja, ya kulia.

Saa ya redio ya familia ikafika. Sanduku la Salha likawaka. Langu lilikuwa limekaa pembeni yake mezani, jeusi, na niligundua kwamba nilikuwa nalitazama. Ilikuwa siku ya Salha. Hata kwa mizani ya Shaame, hata kwa mizani ya anga, ilikuwa siku yake.

Salha alinyanyua sanduku. Alinitazama, akafungua mdomo, na nikaona anataka kuniambia njoo tusikilize sote. Alikuwa karibu kabisa kusema. Ningekwenda. Mungu anisamehe, ningekwenda mbio.

"Da Mize," akasema, "nakuomba radhi." Akaingia kile chumba kidogo cha kusikilizia kilicho nyuma ya meza ya Dakta, akavuta mlango.

Dakta alijifanya ana kazi. Mimi niliinuka nikajifanya naondoka, nikapita karibu na mlango ule, na nilipofika nikasimama. Ni mlango mwembamba, nauhudumia mimi mwenyewe, hewa inapita chini yake. Nikaegemeza sikio. Ndani nilisikia sauti ya mume wangu, nzito, imechoka, iko hai, na sikuweza kushika neno hata moja. Nikamsikia Salha anacheka na kulia. Nikausogelea zaidi, na ubao wa sakafu ukalia chini ya mguu wangu wenye goti bovu.

Kimya kikaingia mle ndani. Kisha nikasikia Salha anakuja mlangoni kwa nyayo zake nyepesi, akasimama upande wa pili, karibu yangu kiasi kwamba nilimsikia akipumua, na akaangusha kitasa.

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ndani, ningekiangusha kabla sijaketi.